Foleni ya Miwani ya Milioni Tisa

Mwezi Februari mwaka 2024, nilipokuwa nikifunga hesabu za mwezi uliotangulia katika duka moja la simu lililoko ghorofa ya pili, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mwenye duka aliniwekea mezani karatasi ya benki na kuniomba niiingize kwenye daftari la manunuzi. Yalikuwa malipo ya dola 3,788 kwa ndugu yake aliyeko Houston, na pembeni, kwa mwandiko wake wa haraka, alikuwa ameandika neno moja tu: "Miwani." Nilidhani ni mzigo wa miwani ya jua, pengine mia mbili au mia tatu, nikamuuliza idadi ili nipate bei ya kila moja. Akacheka, akasema, "Mhasibu, ni moja."

Kifaa chenyewe kinaitwa Apple Vision Pro. Kwa Kiswahili cha maandishi kinastahili kuitwa kifaa cha uhalisia mseto cha kuvaa kichwani, lakini pale dukani hakuna aliyewahi kukiita kwa jina lolote isipokuwa miwani, nami nitafuata jina la dukani. Hufunika macho yote mawili kama miwani ya wazamiaji, na mvaaji haoni chochote moja kwa moja. Kamera zilizoko mbele huchukua picha ya chumba alichomo na kuipeleka kwenye skrini mbili ndogo, moja kwa kila jicho, na juu ya picha hiyo kompyuta huchora madirisha ya programu, filamu au vitu vingine kana kwamba vimesimama palepale chumbani. Apple iliitangaza tarehe 5 Juni 2023 kwa bei ya kuanzia dola 3,499, ikafungua oda za awali tarehe 19 Januari 2024 na kuanza kuiuza madukani tarehe 2 Februari, tena Marekani peke yake. Kwa kiwango cha benki cha siku zile bei hiyo ilikuwa karibu shilingi milioni 8.9. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma wakati huo kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi, kwa hiyo mtumishi huyo angelazimika kukaa miezi 24 bila kula wala kulipa pango ndipo aipate, na hapo bado yeye yuko Dar es Salaam na miwani iko Texas.

Mwenye duka namwita Mangi, kama wanavyomwita majirani zake wote, na kwa haki yake niseme kwamba si mtu wa kukurupuka. Kwa miaka kadhaa nimeona kwenye vitabu vyake jinsi anavyofanya kila inapotoka iPhone mpya: anakwenda Dubai wiki ya kwanza, anarudi na chache kwenye begi, anaziuza kwa bei anayoitaka yeye kabla mzigo wa watu wengine haujaingia sokoni, na siku soko linapojaa yeye ameshageukia mambo mengine. Faida yake yote iko katika hizo siku kumi au kumi na tano za uhaba. Basi aliposoma kwamba oda za miwani zilijaa ndani ya muda mfupi, kwamba aliyechelewa aliambiwa asubiri hadi Machi, na kwamba kwenye eBay, soko la mtandaoni, kulikuwa na watu wanaouza nafasi zao kwa bei ya juu kuliko ya dukani, hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Bidhaa imeadimika, na mwenye nayo ndiye mwenye bei.

Nilipinga siku ileile, na sababu zangu hazikuwa za ujuzi wa teknolojia. Urefu wa foleni hutokana na vitu viwili, watu walioko nje na upana wa mlango, na anayeitazama kutoka upande wa pili wa barabara huona watu tu. Mwisho wa mwezi ukikuta watu hamsini nje ya benki, huenda wateja kweli ni wengi, na huenda madirisha matano kati ya sita yamefungwa na mhudumu ni mmoja, tena ametoka kwenda kunywa chai.

Mlango wa miwani hii ulikuwa mwembamba kwa sababu inayojulikana. Zile skrini mbili, ambazo kila moja haizidi sana stempu ya posta kwa ukubwa, hazitengenezwi juu ya kioo kama skrini za simu. Hujengwa juu ya bamba la silikoni, kama chipu, na kwa pamoja zina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, milioni 23, maana yake kila jicho linapata pikseli nyingi kuliko televisheni nzima ya 4K. Mtengenezaji alikuwa Sony, na taarifa za viwandani zilisema uwezo wake haukuzidi skrini 900,000 kwa mwaka. Kwa kuwa kila mtu ana macho mawili, hesabu inatoa miwani 450,000 kwa mwaka mzima, hata kama kila skrini ingetoka salama kiwandani. Apple huuza zaidi ya iPhone milioni 200 kwa mwaka. Tayari Julai 2023, miezi saba kabla ya miwani kufika dukani, iliripotiwa kwamba lengo la kutengeneza milioni moja lilikuwa limeshushwa hadi chini ya 400,000 kwa mwaka 2024 kwa sababu ya ugumu wa uzalishaji. Kujaza mlango wa namna hiyo asubuhi ya kwanza si kazi kubwa kwa kampuni yenye mashabiki wanaoamka usiku kununua chochote kinachotoka.

Ming-Chi Kuo, mchambuzi anayefuatilia viwanda vinavyoihudumia Apple, alikadiria kwamba oda za mwisho wa wiki ya kwanza zilikuwa kati ya 160,000 na 180,000, lakini alilolisema baada ya hapo lilinivutia zaidi kuliko idadi. Alieleza kuwa iPhone mpya inapojaa oda, muda wa kusubiri huendelea kurefuka siku ya pili na ya tatu kwa sababu watu wa kawaida wanaingia nyuma ya mashabiki. Kwa miwani, muda wa kusubiri ulirefuka mara moja kisha ukatulia. Kwa maneno ya foleni, waliotangulia walifika wote alfajiri, na baada yao barabara ilikuwa tupu. Nilimsomea Mangi habari hiyo kutoka kwenye simu yangu. Akaniuliza kama huyo Kuo amewahi kuuza chochote Kariakoo.

Wiki zilezile Dar es Salaam ilikuwa na foleni yake nyingine. Mvua za El Niño zilikuwa zimezuia uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, na sukari ikaadimika kiasi kwamba kilo moja ilivuka shilingi 4,000, ilhali bei elekezi iliyotangazwa na serikali haikuzidi 3,200. Shangazi yangu wa Magomeni, ambaye mwanzoni mwa miaka ya themanini alipanga foleni za duka la kaya kwa kuweka jiwe lenye alama yake na kurudi nyumbani kupika, alizunguka maduka manne kwa kilo mbili. Alinisimulia kwamba enzi zile ukiona foleni unajiunga kwanza, kisha ndipo unauliza wanagawa nini. Siku nyingine ilikuwa sabuni, siku nyingine betri za redio ambazo hakuwa na redio ya kuzitumia, na alizichukua vilevile. Nilimuuliza alizifanyia nini. Alimuuzia jirani, tena kwa faida, na akaniangalia kwa namna ya kunikumbusha kwamba mwaka 1983 neno mlanguzi lilikuwa linapeleka watu jela.

Nilizifikiria sana zile betri. Sukari ilikuwa na wanywaji wake kabla ya kuadimika, nao wangeendelea kuwapo itakaporudi. Uhaba uliwakuta na birika liko jikoni. Betri za shangazi zilitakiwa kwa sababu zilikuwa adimu, na bahati yake ilikuwa kwamba jirani alikuwa na redio. Swali langu kwa Mangi lilikuwa hilohilo, ingawa kwa ukaidi wangu sikuliuliza kwa upole: nani hapa mjini ana redio?

Miwani ilifika mwanzoni mwa Machi. Nitaweka hesabu zake hapa kwa idhini yake. Zile dola 3,788 zilikuwa bei ya dukani pamoja na kodi ya mauzo ya Houston, ambayo ni asilimia 8.25, na kwa kuwa dola zilikuwa haba kwenye mabenki alizinunua kwa shilingi 2,650 kila moja, jumla shilingi 10,038,200. Aliyeibeba alilipwa laki tano. Forodha, VAT ya asilimia 18 na gharama ndogondogo zikaifikisha milioni 12 na nusu, na Mangi akapanga kuiuza milioni 16. Kwa milioni 12 na nusu, duka lake lingenunua simu hamsini za laki mbili na nusu, ambazo hutoka ndani ya wiki tatu na kuacha shilingi 15,000 kila moja, yaani 750,000, kisha mtaji uleule unazunguka tena. Miwani ingekaa miezi mitatu na kidogo kabla ya kuuzwa kwa bei aliyoitaka, faida yake ya milioni tatu na nusu ingekuwa imelingana na simu za kawaida ambazo hakuna anayeziandika gazetini. Ilikaa zaidi ya hapo.

Niliijaribu Jumamosi moja alasiri, duka likiwa halina wateja. Ilikuwa Machi ya Dar es Salaam, wakati ambapo mtu anatoka jasho akiwa amekaa, na feni la dukani lilikuwa linasukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Kwanza ilinibidi nivue miwani yangu ya macho, kwa sababu hii haivaliki juu ya nyingine; Apple huuza lenzi za Zeiss za kupachika ndani, kwa dola 149, lakini hizo hutengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja na Mangi hangeweza kujua mnunuzi wake ana macho gani. Kisha uzito: ni zaidi ya gramu 600 zinazoning'inia mbele ya uso, na betri haimo humo, iko pembeni kwa waya kama ile ya kuchajia simu, unaitia mfukoni nayo inadumu kama saa mbili. Mto wa kitambaa unaozunguka macho huchaguliwa kwa kupimwa uso wa mnunuzi kwa kamera ya simu, na uso uliopimwa ulikuwa wa ndugu wa Houston, mwenye pua tofauti na yangu; mwanga wa taa ya dukani ukawa unapenya chini, pande zote mbili za pua.

Hata hivyo, siwezi kusema uongo. Nilipomaliza kukodolea macho vidoti vya kupimia, kama kila mgeni alivyotakiwa kufanya upya wakati ule, niliona rafu za Mangi, makava ya simu yaliyotundikwa, na mikono yangu mwenyewe, yote yakiwa na ukungu kidogo kwa sababu ya macho yangu, kisha ukuta wa nyuma ukafunguka na kipepeo akatoka humo, akaruka juu ya kaunta na kutua kwenye kidole nilichokinyoosha. Nilijua hayupo. Kidole kilisisimka vilevile. Nyuma yake akaja mnyama mkubwa wa kale, aliyechungulia dukani kama mteja anayeulizia bei, nami nilirudi nyuma hadi kiti kikagonga kabati. Mangi alifurahi kuliko siku yoyote aliyonilipa. Nilipoivua baada ya dakika kumi na tano, paji la uso lilikuwa na mstari mwekundu na ule mto wa kitambaa ulikuwa umelowa jasho langu, tukauanika mbele ya feni.

Watu waliitaka? Ndiyo, kwa maana moja. Kwa wiki mbili duka halikuwahi kuwa na wageni wengi kiasi kile. Vijana walipanda ngazi kutoka Msimbazi na Uhuru, wakataka kuvaa, wakapigana picha, wakashuka. Mtengeneza video mmoja aliuliza kama anaweza kuikodi kwa siku moja. Dalali wa nyumba za Masaki alikuja akiwa na wazo la kuwaonyesha wateja wake walioko nje vyumba ambavyo bado havijajengwa, na huyo alikuwa mnunuzi wa kweli, mpaka alipoelezwa kwamba duka la programu la kifaa hicho linataka akaunti iliyosajiliwa Marekani, na kwamba kikiharibika hakuna duka la Apple nchini la kukipeleka, wala barani Afrika. Akaahidi kurudi. Mangi alianza kutoza shilingi 5,000 kwa kujaribu, na foleni ya ngazini ikaisha siku hiyohiyo. Hilo peke yake lilikuwa utafiti wa soko ambao kampuni kubwa hulipia fedha nyingi: watu wote wale walikuwa tayari kutoa muda wao, wachache sana walikuwa tayari kutoa elfu tano, na hakuna aliyetoa milioni 16.

Huko Marekani mambo yalikuwa yanaelekea njia hiyohiyo kwa kasi ya kwao. Wanunuzi walikuwa na siku 14 za kurudisha, na katikati ya Februari baadhi yao walirudisha wakilalamikia uzito, kichwa kuuma na macho kuchoka. Bei za walanguzi wa eBay zilishuka. Aprili, Kuo alisema Apple imeshusha makadirio ya mwaka hadi kati ya 400,000 na 450,000, wakati soko lilikuwa likitarajia 700,000 hadi 800,000, na kwamba punguzo hilo lilifanyika kabla hata miwani haijauzwa nje ya Marekani. Mwishoni mwa Juni ikaingia China, Japani na Singapore, Julai Uingereza, Ufaransa na nchi nyingine, na tarehe 15 Novemba 2024 ikaanza kuuzwa Falme za Kiarabu. Kwa Kariakoo tarehe hiyo ndiyo yenye maana, kwa sababu Dubai ni kama ghala letu la pili. Siku iPhone inapoingia Dubai, kesho yake iko Aggrey. Miwani iliingia Dubai na hakuna mfanyabiashara hata mmoja ninayemwandikia vitabu aliyenunua. Mwezi mmoja kabla ya hapo Tim Cook mwenyewe, aliyekuwa akiiongoza Apple, alikuwa ameliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba kwa dola 3,500 si bidhaa ya watu wengi.

Mangi ana hoja moja ambayo sijaweza kuimaliza. Ananikumbusha kwamba simu za mkononi zilipoanza hapa mwaka 1994, na Mobitel, zilikuwa za matajiri, na waliocheka ndio waliochelewa. Ni kweli. Lakini kabla ya Mobitel watu walikuwa tayari wanasubiri miaka kupata laini ya mezani na wanapanga foleni posta kupiga trankoli, yaani simu za mbali. Mahitaji yalikuwapo, kilichokosekana ni chombo. Kwa miwani naona chombo kinachotafuta mahitaji. Microsoft ilijaribu na miwani yake, HoloLens, dola 3,000 mwaka 2016, kisha dola 3,500 kwa toleo la pili, na mwaka 2024 ikaacha kabisa kuitengeneza. Inayouzika ni ile ya Meta, Quest 3, iliyotoka Oktoba 2023 kwa dola 499, na hata hiyo naiona zaidi kwenye kona za michezo ya watoto. Mangi hujibu kwamba mimi ni mhasibu, na mhasibu huona jana tu. Sina jibu la hilo.

Tulichogombania kwa uzito ni hesabu za kufunga mwaka. Kanuni inasema bidhaa iliyoko stoo huandikwa kwa gharama yake au kwa thamani inayoweza kuuzwa, ile iliyo ndogo. Tarehe 31 Desemba 2024 Mangi alishikilia milioni 12 na nusu. Mimi nilikuwa na ofa moja tu iliyothibitishwa, ya yule mtengeneza video, milioni sita, na hiyo ndiyo niliyoandika. Hatukusalimiana vizuri hadi baada ya sikukuu. Oktoba 2025 Apple ikatoa toleo lenye chipu mpya ya M5, bei ileile ya dola 3,499, na sikusikia habari ya foleni popote.

Desemba hiyo, tulipokuwa tunahesabu stoo, Mangi alilitoa boksi chini ya kaunta, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akalifungua. Kila kitu kilikuwa mahali pake, waya, betri, kitambaa cha kupangusia. "Andika milioni nne, Mhasibu," alisema. Niliushika ule mto wa kuzunguka macho, uliokuwa umeshika rangi ya jasho la nyuso zote zilizopita pale, nikaandika tatu na nusu.